Tamasha la Filamu za Kigiriki Berlin: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na Waswahili wanaoishi Ujerumani na nchi jirani, na pia na watengeneza filamu wa Afrika Mashariki. Majibu yanaanza na mambo mepesi na kuishia kwenye ya kitaalamu. Tarehe, bei na ratiba ya mwaka husika zichukue kwa waandaaji wenyewe na kwenye tovuti ya ukumbi, maana hizo hubadilika.

## Mambo ya mwanzo

Hili ni tamasha gani, na lilianza lini?

Ni siku chache mfululizo za filamu kutoka Ugiriki, mpya na za zamani, zikionyeshwa katikati ya Berlin. Mara ya kwanza lilifanyika Januari 2016 katika sinema ya Babylon, kwa jina la Hellas Filmbox Berlin. Baadaye likaitwa The Greek Film Festival in Berlin. Ukikutana na majina yote mawili, mzizi ni mmoja.

Mwaka uliotangulia, 2015, magazeti ya Ujerumani yalijaa habari za deni la Ugiriki: benki kufungwa, foleni kwenye mashine za pesa, kura ya maoni ya Julai 5. Mgiriki akawa anatajwa kama mdaiwa tu. Waanzilishi, akiwemo mtayarishaji Asteris Kutulas, walitaka Wajerumani wakae gizani saa mbili wamsikilize Mgiriki akijisimulia mwenyewe. Kwa maoni yetu hiyo bado ndiyo sababu kubwa ya kwenda, na Mwafrika aliyezoea kuona bara lake likisimuliwa na wengine ataielewa bila kufafanuliwa.

Kwa nini Berlin? Ugiriki haina matamasha yake?

Inayo, tena makongwe. La Thessaloniki, ule mji wa nyaraka za Paulo kwa Wathesalonike, lilianza 1960 kama wiki ya filamu za Kigiriki, likawa la kimataifa 1992. Tangu 1999 mji huo una pia tamasha la filamu za hali halisi, hufanyika Machi.

Ila Wagiriki wa Ujerumani nao ni wengi, zaidi ya laki tatu. Tarehe 30 Machi 1960 nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa kuleta wafanyakazi viwandani. Kabla ya hapo, watoto wa wakimbizi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamepelekwa Ujerumani Mashariki. Wakati wa utawala wa kijeshi, 1967 hadi 1974, wakaja waliokimbia siasa. Na baada ya mgogoro wa uchumi wa 2010 wakaja vijana wasomi waliokosa kazi. Ndiyo maana ukumbini unaweza kukuta bibi wa miaka themanini, mwanafunzi wa juzi na Mjerumani aliyependa Krete likizoni, wote wakicheka mahali tofauti katika filamu ileile.

Lazima niwe Mgiriki, au nijue Kigiriki?

Hapana kwa yote mawili. Unachohitaji ni kusoma Kijerumani au Kiingereza kwa kasi ya wastani. Tazama sehemu ya lugha hapo chini.

Filamu hizi si zipo mtandaoni? Kwa nini nitoke nje kwenye baridi?

Chache zipo. Filamu ya Kigiriki yenye jina kubwa hupata msambazaji Ujerumani, huonyeshwa wiki mbili tatu katika kumbi ndogo, kisha huingia kwenye huduma za kulipia. Nyingi hazipati msambazaji kabisa: zinapita kwenye matamasha kisha zinabaki kwenye diski ya mtayarishaji. Filamu fupi na za hali halisi ndizo zinazopotea zaidi. Kwa hiyo ukiwa na jioni moja tu, acha ile filamu yenye mwigizaji maarufu ambayo utaipata baadaye, uingie kwenye ile ambayo hujawahi kusikia jina lake. Filamu fupi hupangwa kadhaa pamoja katika onyesho moja la kama dakika 90, na kwa tiketi moja unapata waongozaji watano au sita.

## Lugha na kusoma ratiba

OmU, OmeU, OF na DF ni nini?

Ni vifupisho vinavyotumika katika sinema zote za Ujerumani, na kutovijua ndiko kunakopoteza pesa za watu wengi:

- OmU: lugha asilia, manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) ya Kijerumani.
- OmeU: lugha asilia, manukuu ya Kiingereza. Ile "e" ndogo katikati ndiyo inayobeba kila kitu.
- OF au OV: lugha asilia bila manukuu yoyote.
- DF: sauti imebadilishwa kuwa Kijerumani.

Kosa la kawaida ni kuona OmU na kudhani ni Kiingereza. Lingine ni kununua OV kwa kuamini filamu ni ya Kiingereza kwa sababu jina lake limeandikwa kwa Kiingereza. Soma kifupisho cha kila onyesho, si cha filamu tu: filamu moja ikionyeshwa mara mbili, siku ya kwanza inaweza kuwa OmU na ya pili OmeU.

Kijerumani changu ni cha kuungaunga. Nichague filamu za namna gani?

Kama OmeU ipo, chukua hiyo. Kama hakuna, angalia aina ya filamu. Vichekesho vya familia na filamu za hali halisi zenye mahojiano vina maneno mengi, na manukuu huja mistari miwili miwili bila kupumzika. Filamu za picha ndefu na maneno machache ni rafiki zaidi kwa anayejifunza lugha. Kaa katikati ya ukumbi, si safu za mbele: ukikaribia sana skrini, jicho linasafiri mbali kati ya uso wa mwigizaji na maandishi ya chini, na kufikia dakika ya arobaini umechoka.

Nimetafuta jina la mwongozaji nikapata watu watatu. Yupi ndiye?

Huenda ni mtu mmoja. Herufi za Kigiriki hugeuzwa za Kilatini kwa njia zaidi ya moja, hivyo Giorgos, Yorgos na Georgios ni jina lilelile, kama ilivyo Theo, Thodoros na Theodoros. Majina ya filamu ni tatizo zaidi, kwa sababu kila nchi hutafsiri. Filamu ya Theo Angelopoulos iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, 1998 utaikuta kama *Mia aioniotita kai mia mera* kwenye orodha ya Kigiriki na *Die Ewigkeit und ein Tag* kwenye ya Kijerumani. Tafuta kwa mwaka na jina la ukoo la mwongozaji, hutapotea.

## Nianze na filamu gani?

Sijawahi kutazama filamu ya Kigiriki hata moja. Nianzie wapi?

Ipo mikondo mitatu, na ukiijua utaisoma ratiba kwa urahisi.

Wa kwanza ni sinema ya watu wote, miaka ya 1950 na 1960. Kampuni ya Finos Film, iliyoanzishwa 1943 chini ya uvamizi wa Wajerumani, ilitoa vichekesho, filamu za nyimbo na visa vya mapenzi ambavyo televisheni ya Ugiriki hurudia mpaka leo. Nje ya kampuni hiyo, Michael Cacoyannis, mzaliwa wa Limassol huko Saiprasi, alimtoa Melina Mercouri katika *Stella* mwaka 1955: mwanamke mwimbaji anayekataa kuolewa kwa sababu hataki kumilikiwa. Ukipata nafasi ya kuiona kwenye skrini kubwa, usiiache. Huhitaji historia wala maelezo, na mwisho wake utatoka nao nyumbani.

Wa pili ni sinema ya siasa na historia, iliyoanza kukomaa 1970 chini ya udhibiti wa wanajeshi. Huyo ni Angelopoulos na wenzake. Swali linalofuata ni la hawa.

Wa tatu ni sinema ya kuanzia 2009. *Kynodontas* ya Yorgos Lanthimos ilishinda tuzo ya Un Certain Regard huko Cannes mwaka huo, ikateuliwa kuwania Oscar ya 2011. *Attenberg* ya Athina Rachel Tsangari ilimpa Ariane Labed tuzo ya mwigizaji bora wa kike Venice 2010. Baada yao wengi wakafuata.

Anza na mkondo wa kwanza ikiwa ratiba inao. Wengi huanza na wa tatu kwa sababu ya umaarufu wa Lanthimos, wanashtuka, hawarudi tena.

Filamu za Angelopoulos zinanichosha. Nakosea wapi?

Hukosei, unaziangalia bila ramani, nazo hazitoi ramani. Chukua *O Thiasos* ya 1975. Ina urefu wa karibu dakika 230 na shoti kama 80 tu, wakati filamu ya kawaida ina mamia kwa maelfu. Kundi la waigizaji wa jukwaani linazunguka miji midogo ya Ugiriki likijaribu kumaliza mchezo mmoja wa mapenzi ya wachungaji, na kila mara historia inaukatiza. Jambo linalowapoteza watu ni kwamba kamera ikianza kutembea mtaani unaweza kuwa mwaka 1952, ikifika mwisho wa mtaa uko 1942, na hakuna maandishi ya kukuambia.

Shika tarehe hizi kabla ya kuingia: Oktoba 28, 1940, Italia inaishambulia Ugiriki. Aprili 1941, Wajerumani wanaingia. Oktoba 1944, wanaondoka. Desemba 1944, mapigano ya Athens kati ya wapiganaji wa mrengo wa kushoto na serikali iliyoungwa mkono na Waingereza. 1946 hadi 1949, vita vya wenyewe kwa wenyewe. 1952, uchaguzi ulioleta serikali ya Jemadari Papagos. Kisha usikilize nyimbo, kwa sababu kila upande una zake, na mara nyingi wimbo ndio unaokuambia uko mwaka gani kabla picha haijasema.

Na kula kwanza. Tunalisema kwa dhati: saa nne kasoro kidogo kwenye kiti kimoja na tumbo tupu si haki kwako wala kwa filamu.

Kwa nini katika filamu mpya waigizaji wanaongea kama wanasoma tangazo la redio?

Ni makusudi. Katika *Kynodontas* wazazi wamewafungia watoto wao watu wazima nyumbani na kuwafundisha maana za uongo za maneno. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuongea kwa hisia za kawaida, na uigizaji mkavu ndio unaokufanya uisikie ile gereza. Wengine walipoiga namna hiyo bila sababu yenye nguvu kama hiyo, ilibaki mtindo tu, na utaitambua tofauti.

Pesa nazo zina sehemu yake. Filamu nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa na marafiki waliosaidiana kwa zamu: leo mimi mwongozaji wewe mtayarishaji, kesho tunabadilishana. Nyumba moja, waigizaji watano, taa chache. Ukiziona hadithi nyingi za familia zilizojifungia ndani, kumbuka kwamba nyumba ndicho kitu pekee walichoweza kukipata bure.

Z na ile ya Zorba ni filamu za Kigiriki?

Inategemea unapima nini. *Z* ya 1969 inahusu mauaji ya mbunge Grigoris Lambrakis huko Thessaloniki mwaka 1963. Mwongozaji wake, Costa-Gavras, ni mzaliwa wa Ugiriki, na muziki ni wa Mikis Theodorakis. Lakini imezungumzwa Kifaransa na ilipigwa Algiers, kwa sababu Ugiriki yenyewe ilikuwa mikononi mwa makanali. Aljeria iliingia kama mtayarishaji mwenza, na Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni ilipotolewa 1970, ilikwenda Aljeria. Nchi ya Kiafrika ilisimama kama mlezi wa hadithi ambayo Wagiriki hawakuruhusiwa kuisimulia kwao. Hilo halitajwi vya kutosha.

*Zorba* ya Cacoyannis, 1964, ilipigwa Krete lakini mazungumzo ni ya Kiingereza, na Anthony Quinn hakuwa Mgiriki. Wasimamizi wa matamasha hupima kwa kuangalia mwongozaji, pesa zilitoka wapi na hadithi ni ya nani. Siku hizi filamu nyingi za Ulaya zina pesa za nchi tatu au nne, kwa hiyo usishangae kukuta filamu ya Kijerumani au ya Saiprasi kwenye ratiba.

Kuna filamu inayowagusa Waafrika wanaoishi Ugiriki?

Moja ya kutafuta ni *Plateia Amerikis* ya Yannis Sakaridis, 2016, ambayo Ugiriki iliipeleka kuwania Oscar. Uwanja wa Amerika uko Athens, mtaa wenye wahamiaji wengi kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, na filamu inawagonganisha mchora chale, daktari Msyria anayetafuta njia ya kutoka na Mgiriki asiye na kazi anayewachukia majirani zake wapya.

## Ukumbi na tiketi

Babylon iko wapi, na nafikaje?

Rosa-Luxemburg-Straße 30, mkabala na ukumbi wa tamthilia wa Volksbühne. Treni ya U2 inasimama Rosa-Luxemburg-Platz, mlangoni kabisa kwa hesabu ya Berlin. Kutoka Alexanderplatz ni mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu. Tiketi ya kanda AB inatosha ukiwa mjini. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kisanduku kidogo kabla ya kupanda. Bila muhuri unahesabiwa huna tiketi, na faini ni euro 60.

Onyesho la mwisho likiisha baada ya saa saba usiku siku za kazi, U2 huwa imesimama: panda basi la usiku N2, linalofuata njia yake. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi hutembea mpaka asubuhi.

Jengo lenyewe litazame kwa makini. Lilichorwa na Hans Poelzig na kufunguliwa Aprili 1929, enzi za filamu bubu, na kinanda chake kikubwa cha mabomba cha mwaka huohuo bado kipo mahali pake. Ukumbi mkubwa una viti zaidi ya 400.

Tiketi nanunuaje, na maneno ya Kijerumani yana maana gani?

Mtandaoni kupitia tovuti ya ukumbi, au dirishani. *Abendkasse* ni dirisha la jioni, kabla ya onyesho. *Ermäßigt* ni bei ya punguzo. Njoo na kitambulisho chenyewe cha mwanafunzi, maana picha ya simu huweza kukataliwa. *Freie Platzwahl* ni kwamba viti havina namba: anayewahi ndiye anayechagua. *Ausverkauft* ni kwamba zimeisha.

Filamu ya ufunguzi na ile yenye mwongozaji mgeni ndizo huisha mapema. Maonyesho ya mchana wa siku za kazi huwa na nafasi.

Imeandikwa ausverkauft. Nirudi nyumbani?

Usirudi bado. Fika dirishani nusu saa kabla, uliza kama kuna *Restkarten*. Viti huwekwa akiba kwa wageni, waandishi na wadhamini, na visivyochukuliwa huachiliwa dakika za mwisho. Mtu mmoja hupata nafasi kwa urahisi kuliko kundi la wanne. Kubalini kukaa mbalimbali.

Naweza kwenda na watoto?

Hapa sheria ya Ujerumani ni kali, na hairegezwi kwa kuwa mzazi amekubali. Umri umegawanywa 0, 6, 12, 16 na 18. Filamu isiyopimwa umri na bodi ya uainishaji huhesabiwa kuwa ya miaka 18 na kuendelea. Filamu nyingi za tamasha hazijapimwa, kwa sababu kupima ni gharama na zinaonyeshwa mara moja au mbili tu. Ndiyo maana hata filamu ya mbuzi na wachungaji isiyo na ubaya wowote inaweza kumkataa kijana wa miaka 17.

Isipokuwa daraja la 12: filamu hiyo inaweza kutazamwa na mtoto wa kuanzia miaka 6 akiwa na mzazi. Walio chini ya 6 wanaingia tu wakiwa na mtu mzima, na kwa filamu za daraja la 0. Saa nayo ina mipaka: chini ya 14 peke yake, onyesho liwe limeisha saa mbili usiku, chini ya 16, saa nne, chini ya 18, saa sita. Ukitaka kuwapeleka watoto, tafuta onyesho lililotangazwa wazi kuwa la watoto au la shule.

Mwongozaji akiwepo, naruhusiwa kuuliza swali? Kwa lugha gani?

Unaruhusiwa. Mazungumzo huendeshwa kwa Kijerumani, Kiingereza au Kigiriki, na mara nyingi kuna mtu wa kutafsiri. Sema sentensi fupi fupi umwachie mkalimani nafasi. Uliza jambo moja tu, lililo ndani ya filamu: kwa nini mlango ule haukufungwa, kwa nini muziki ulikatika pale. Maswali ya "unatuambia nini kuhusu hali ya Ugiriki" hujibiwa kwa maneno ya jumla, na muda wote ni kama dakika ishirini.

## Mnaotoka nje ya Ujerumani

Niko Nairobi au Dar es Salaam. Nahitaji viza ya namna gani?

Viza ya Schengen ya muda mfupi, siku zisizozidi 90 ndani ya 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Mtego uko kwenye miadi ya kupeleka karatasi, inayoweza kuchelewa kuliko uamuzi wenyewe. Shika miadi kwanza, ratiba ya filamu utaisoma baadaye.

Tiketi ya sinema haitoshi kama sababu ya safari. Anayekwenda na filamu yake aombe barua ya mwaliko yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na nani analipa malazi. Mwenye kibali cha kuishi Ufaransa, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anaihitaji.

Kutoka uwanja wa ndege?

Treni ya S9 kutoka BER inafika Alexanderplatz bila kubadilisha. Nunua tiketi ya kanda ABC, kwa sababu uwanja uko kanda C.

## Kwa watengeneza filamu

Mimi ni Mtanzania. Naweza kupeleka filamu yangu?

Ukiwa na mwenzako Mgiriki katika uongozaji au utayarishaji, au hadithi yenyewe ni ya Wagiriki, inafaa kuuliza. Mifano haiko mbali: Wagiriki walilima katani Tanganyika, na jamii zao zilikuwa Arusha, Moshi na Iringa. Filamu fupi ya hali halisi juu ya makaburi, shule na mashamba hayo ingekuwa na watazamaji pande zote mbili, nasi tungependa sana kuiona. Ikiwa filamu yako haina uhusiano wowote na Ugiriki, peleka kwingine. Berlin ina matamasha mengine ya kutosha.

Filamu inatakiwa iwe katika mfumo gani?

Sinema hutumia DCP, yaani folda yenye picha, sauti na orodha za kuviunganisha. Picha ya 2K huwa 1998 kwa 1080 au 2048 kwa 858. Sauti ni 48 kHz, biti 24. Kikomo cha kasi ni megabiti 250 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 90 inaweza kufika gigabaiti 170. Itume kwenye diski, au anza kuipakia wiki mbili kabla, si siku mbili.

Makosa yanayorudi kila mara ni haya. Diski iliyofomatiwa kwa ajili ya kompyuta za Apple haisomwi na seva ya sinema. Ifomati kwa mfumo wa ext2 au ext3. Ukibadilisha jina la faili moja ndani ya folda, orodha hailioni tena na DCP nzima inakataa. Na mwendo wa picha: ukitengeneza kwa picha 25 kwa sekunde, sema hivyo kwenye fomu. Filamu ya dakika 100 ya mwendo wa 24 ikichezwa kwa 25 inakuwa dakika 96, na sauti za watu zinapanda juu kidogo.

Manukuu yangu yanaanza vizuri kisha yanachelewa. Kwa nini?

Ni kosa hilohilo la mwendo wa picha, 24 na 25 kwa sekunde. Kila saa moja manukuu yanapotea dakika 2 na sekunde 24. Usiyasogeze kwa mkono; badilisha mwendo wa faili lote kwenye programu ya manukuu. Kama yako nyuma kwa kiasi kilekile tangu mwanzo mpaka mwisho, hilo ni tatizo lingine: mtu aliongeza sekunde za nembo mwanzoni mwa filamu baada ya manukuu kukamilika.

Kwa urefu, mistari isizidi miwili, kila mstari herufi kama 40. Herufi za Kigiriki zikitokea kama takataka, faili limehifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows. Lihifadhi upya kwa UTF-8.

Filamu ilijaribiwa asubuhi ikacheza, jioni ikakataa. Imekuwaje?

Angalia ufunguo. DCP iliyofungwa huhitaji KDM, faili dogo linaloifungua kwenye seva moja tu na kwa saa zilizowekwa tu. Mambo mawili huiangusha. Onyesho likihamishwa kutoka ukumbi mkubwa kwenda mdogo, seva ni nyingine na ufunguo hauifungui. Au aliyetoa ufunguo Athens aliandika saa za kwake, na Ugiriki iko saa moja mbele ya Ujerumani. Omba funguo za kumbi zote za jengo, zianze siku moja kabla na ziishe siku moja baada. Filamu fupi usiifunge kabisa. Hakuna anayeiba filamu ya dakika kumi kutoka kwenye seva, ila wengi wamekosa kuonyeshwa kwa kufungiwa nje ya filamu yao wenyewe.

Na muziki?

Ukumbi hulipia haki za kuuchezesha hadharani. Haki ya kuuweka wimbo ndani ya filamu ni yako kuitafuta, kwa maandishi, kutoka kwa mtunzi na kwa mwenye rekodi. Ruhusa ya mdomo haihesabiki.

## Maswali ya pembeni

Ratiba inasema kopi ya milimita 35, yaani utepe wa filamu wa zamani. Kuna tofauti?

Ipo, na inafaa kuiona angalau mara moja. Rili moja huchukua kama dakika 20, hivyo filamu ndefu hufika kwenye makasha kadhaa mazito. Alama ndogo ya duara pembeni juu mwishoni mwa rili si kasoro, ni ishara kwa fundi abadilishe mashine. Kopi za zamani za Kigiriki zinaweza kuwa na mikwaruzo, rangi iliyoelekea wekundu na manukuu yaliyochomwa kwenye filamu yenyewe, ambayo juu ya nguo nyeupe au theluji hayasomeki. Angelopoulos alipenda sana theluji na ukungu; soma muhtasari kabla.

Picha imekatwa vichwa au manukuu yamezama nje ya skrini. Nimwambie nani?

Mwambie mhudumu wa mlangoni mara moja, usisubiri mwisho. Mara nyingi fundi amechagua ukubwa usio sahihi wa picha, na kurekebisha huchukua sekunde chache.

Tunataka kuonyesha filamu moja ya Kigiriki kwetu, Mombasa au Dodoma. Tufanyeje?

Diski ya dukani na akaunti ya huduma ya kulipia ni za nyumbani tu, haziruhusu onyesho la hadharani. Anza kwa kumtafuta mwenye haki: jina la kampuni ya mauzo au ya utayarishaji liko mwishoni mwa filamu na kwenye kitabu cha tamasha. Waandikie mkitaja jina la filamu kwa Kigiriki na mwaka, tarehe, mahali, idadi ya viti, maonyesho mangapi, na kama kuna kiingilio. Hapo hutoa bei ya onyesho moja, au huiachia bure kwa shule na vyuo mkieleza vizuri.

Kisha ombeni kopi yenye manukuu ya Kiingereza. Kwa onyesho la ukumbi mdogo faili zuri linatosha, DCP ni ya sinema yenye seva. Nchini Kenya filamu ipelekwe kwanza Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Tanzania, Bodi ya Filamu. Anzeni miezi mitatu kabla. Ubalozi wa Ugiriki ulioko Nairobi mnaweza kuuandikia sambamba, hasa mkitaka mgeni aje au barua ya kuwatambulisha kwa mtayarishaji. Manukuu ya Kiswahili mkiyatengeneza wenyewe, ombeni ruhusa ndani ya barua ileile ya kwanza, na mpeni mwenye filamu faili la tafsiri: atakayeomba baada yenu atalikuta tayari.